Yule wa Bosnia alijifichaje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Banda la video hapa Mwanga lilionyesha The Hunting Party, waandishi wa vita wanamsaka muuaji wa Bosnia. Tulicheka sana. Kweli mtu aweza kujificha miaka yote hiyo?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Aweza! Filamu ni ya 2007, Richard Gere ndiye anayeigiza mwandishi wa vita. Mwaka uliofuata Radovan Karadžić, aliyekuwa kiongozi wa Waserbia wa Bosnia wakati wa vita, akakamatwa Belgrade, Serbia: ndevu nyeupe kifuani, nywele kazifunga utosini, anajiita Dragan Dabić na kutibu watu kwa tiba mbadala. Alishtakiwa kwa mauaji ya kimbari tangu 1995. Kifungo cha maisha kikaja 2019.

Nami nilipoiona bandani nilicheka, mpaka nilipomtazama jirani yangu, mama aliyevuka kutoka Burundi na mtoto mgongoni. Alikuwa anazungusha pindo la kitenge kidoleni, hacheki.

“Na wauaji wetu, nani anawatafuta?” akaniuliza.

Swali hilo linaniuma hadi leo. Mahakama ya Arusha, iliyofungwa 2015, ilikuwa ya mauaji ya Rwanda. Ya kwao Burundi haikuyagusa. Nilimshika mkono tu. Mwenye banda akaweka ya Kihindi.