Kava la cherehani kwa vumbi la Dodoma: weka blanketi, sponji achana nayo

Dada uliyeuliza namna ya kushona kava nene la cherehani, lile lenye mistari inayopishana kama koti la baridi, ukasema umenunua cherehani ya Butterfly iliyotumika na unakaa Nkuhungu: swali lako nimelisoma jana usiku nikaona hili siwezi kulipita. Mimi ni fundi, kibanda changu kiko Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, na kwa hapa kwetu mashine haichoshwi na kazi kama inavyochoshwa na vumbi.

Kiangazi cha 2019 nilikuwa nafunika yangu kwa kipande cha khanga basi. Julai upepo umeanza, nina sare za watoto wanaofungua shule, mashine ikaanza kuwa nzito mguuni. Uzi wa chini unakatika kila mara, mwishowe gurudumu likagoma kabisa. Fundi wa mashine alipotoa shato, kile chuma cha chini kinachobeba uzi wa chini, tukakuta oili na vumbi vimeshikana mle ndani kama ugali wa uwele uliolala. Aliukwangua kwa njiti ya kiberiti, kipande kwa kipande. Siku mbili sikushona, na wazazi wanapiga simu. Vumbi letu ni laini kama unga, linapenya katikati ya nyuzi za khanga unaliona. Ndiyo maana nasisitiza kava lenye tabaka tatu: kitambaa cha nje, kitu kinene katikati, na bitana ndani.

Hicho cha katikati ndicho watu wanachokosea. Wengi watakwambia sponji. Sponji ya godoro inapendeza mwezi wa kwanza, lakini ikikaa inasagika, inatoa unga wa njano, na unga huo unadondokea kwenye mashine ileile unayoilinda. Pamba ya mto nayo ukiifua inajikusanya pembeni, usipoishona kwa mistari ya karibu sana. Tafuta blanketi jembamba la mtumba. Mimi langu nililitoa soko la Sabasaba kwa elfu nne na likatosha makava mawili. Lifue kwanza, likauke. Kitenge au khanga ya nje ifue pia, ili ijikunje na kuchuja rangi kabla hujakata. Nailoni inazuia vumbi, sikatai, lakini mvua zikianza Desemba unyevu unabaki ndani na chuma kinashika kutu.

Sasa vipimo. Chukua futi kamba upime mashine yako mwenyewe, usinakili za mtu. Pima urefu mpaka nje ya gurudumu, kwa sababu gurudumu limetokeza, na pima kimo mpaka ncha ya kile chuma cha kuwekea kidonge cha uzi. Kama ni ya mkono, pima na mpini wake. Ongeza inchi moja ya nafasi. Yangu ya miguu, nafasi hiyo ikiwa imeshaingia, ilitoka hivi kwa inchi: urefu 18, upana 9, kimo 13. Kwa hiyo vipande ni vitatu tu: mbele na nyuma, kila kimoja inchi 19 kwa 13 na nusu, halafu ukanda mmoja mrefu unaopanda ubavuni, unapita juu na kushuka upande wa pili, inchi 44 kwa 10. Hapo nusu inchi ya mshono imeshaingia. Chini sijaongeza kitu kwa sababu patavishwa pindo.

Lakini usikate vipimo hivyo mwanzoni! Kata kila kipande kikubwa zaidi kwa inchi 2 kila upande uliopimwa (yaani 19 iwe 21, 44 iwe 46), ushone mistari kwanza, ndipo ukate vipimo kamili. Mistari inavuta kitambaa ndani. Niliyemshonea kava la kwanza nilikata sawasawa, likaishia kugoma kupita kwenye gurudumu.

Kazi ya mistari ifanye bila haraka. Laza bitana chini, uso ukitazama sakafu, blanketi juu yake, kitenge juu kabisa, uipapase kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni mpaka usione kikunjo. Piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza tabaka, safu kila baada ya upana wa kiganja. Wengine wanaruka bandi wakitumia pini pekee. Meno ya mashine, yale ya chini ya sindano, yanavuta bitana ya chini, ule mguu wa chuma unaokandamiza kwa juu unasukuma kitenge, na ukifika mwisho wa mstari tabaka zimeshaachana kwa nusu inchi. Bandi ndiyo dawa. Chora mistari ya mshazari kwa kipande cha sabuni kilichokwisha, kinachora chembamba kuliko chaki na kinafutika kwa maji. Achanisha inchi 2. Sindano namba 16, hatua ya mshono iwe ndefu kuliko unayoshonea gauni, na legeza kidogo skrubu ya juu inayokandamiza mguu. Anza na mstari wa katikati kabisa, kisha unaoufuata kulia, kisha kushoto. Ukianzia pembeni utasukuma uvimbe wote katikati na hautakuwa na pa kutokea.

Ukitumia khanga, jina lake linapendeza likikaa mbele, upande anaoutazama mteja. Langu linasema "Mgeni njoo mwenyeji apone". Ila majina mengine ni marefu kuliko inchi 18, pima kabla ya mkasi.

Kuunganisha ni kwepesi. Kwenye ukanda weka alama inchi 13 kutoka kila mwisho, hapo ndipo kona zitakapokaa, na upachanje kidogo kwa mkasi usifike kwenye mshono. Bana ukanda na kipande cha mbele, nje kwa nje, ushone, ukifika kona zungusha gurudumu kwa mkono kwa sababu hapo sindano inapita tabaka sita. Punguza blanketi lililobaki ndani ya mshono ili kona isivimbe. Rudia nyuma. Kwa pindo la chini, kata ukanda wa kitambaa kwa mshazari, upana inchi 2, ulivishe kuzunguka. Mfuko wa mkasi ukiutaka, ushone kwenye kipande cha mbele kabla hujaunganisha.

Na kabla ya kufunika jioni, fagia shato na meno kwa mswaki wa zamani, tia tone la oili, endesha kidogo, futa, kisha shusha mguu juu ya kitambaa chakavu kinyonye kinachodondoka. Kava likishuka lazima liguse meza pande zote nne, likining'inia hata kidogo vumbi linaingilia hapo. Kuanzia Juni mpaka mvua zianze, mimi langu nalikung'uta nje kila asubuhi na kulifua kila wiki mbili. Niandikie urefu, upana na kimo cha mashine yako nikukokotolee vipande, na uniambie kama ni ya mkono au ya miguu.