Pafu kusinyaa mara mbili, makohozi hayana TB: chunguzeni LAM kwanza

Mwanamke wa miaka 34, havuti sigara. Pafu limesinyaa mara mbili kwa hewa kuvuja kifuani, pumzi zinambana akipanda ngazi, miezi sita ya dawa za TB imekwisha na kipimo cha makohozi cha GeneXpert hakikuona vimelea hata mara moja. Mmeuliza kama arudie dozi ya TB. Asirudie kabla hajapigwa CT ya kifua.

Ugonjwa ninaoushuku ni limfanjioleiomaiomatosisi, kwa kifupi LAM (kipimo cha mkojo cha TB chenye jina hilohilo ni kitu kingine kabisa). Wagonjwa karibu wote ni wanawake, wengi wa umri wa kuzaa. Seli zinazofanana na misuli laini huota ndani ya pafu na kulitoboa polepole; tundu la pembeni likipasuka, hewa huvuja.

Ombeni CT ya vipande vyembamba, milimita 1 hivi. Mnatafuta matundu ya mviringo yenye kuta nyembamba, yaliyotapakaa juu mpaka chini, na nyama ya pafu katikati yake ikiwa salama. Mapango ya TB huwa na kuta nene na hukaa zaidi juu. X-ray isiwatulize, inaweza kutoka safi.

CT peke yake haithibitishi. Kinachofuata kwa bei ndogo ni ultrasound ya figo: uvimbe wenye mafuta, anjiomaiolipoma, ukipatikana pamoja na matundu hayo, jibu limepatikana. Maji ya kifuani yakitoka meupe kama maziwa, pimeni trigliseridi (aina ya mafuta). Zaidi ya 110 mg/dL ni maji ya limfu. Mkagueni pia ngozi na kucha kwa dalili za tubarasi sklerosisi, ugonjwa wa kijenetiki unaoweza kuambatana na LAM. Maabara ikiweza kupima VEGF-D (protini ya damu), 800 pg/mL au zaidi inatosha, wala hakuna haja ya kukata kinyama cha pafu. VVU na ugonjwa wa Sjögren (kinga ya mwili kushambulia tezi za mate na machozi) vipimwe, maana navyo huweza kuleta matundu.

Kwa kuwa pafu limeshasinyaa, msiishie kwenye mpira wa kutoa hewa. Bila kulibandisha pafu kwenye ukuta wa kifua, hewa huvuja tena kwa wagonjwa wengi. Miongozo inashauri kubandisha tangu mara ya kwanza.

Dawa ni sirolimus, hasa FEV1 (hewa anayopuliza kwa nguvu katika sekunde ya kwanza) ikiwa chini ya asilimia 70 ya inayotarajiwa, au ikishuka haraka, au kukiwa na maji ya limfu. Huanza miligramu 1 au 2 kwa siku. Baada ya wiki mbili hivi damu ichukuliwe asubuhi kabla ya kumeza; kiwango kiwe 5 hadi 15 ng/mL. Vidonda vya mdomoni na lehemu kupanda ni kawaida. Utafiti wa MILES wa 2011 ulionyesha kuwa dawa ikisimamishwa pafu huanza kushuka tena, kwa hiyo hakikisheni itapatikana kila mwezi.

Hapa ndipo dozi ya TB ya kubahatisha inapodhuru: rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huishusha sirolimus mno mwilini. Flukonazoli (dawa ya fangasi) na klarithromaisini (antibiotiki) huipandisha. Kabla ya kuanza, mchunguzeni TB iliyojificha.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni aviache. Kitanzi cha shaba kinafaa. Akitaka mimba, sirolimus isimame wiki 12 kabla, na ajue hatari ya pafu kusinyaa huongezeka akiwa mjamzito. Uvimbe wa figo ukizidi sentimita 4 unaweza kuvuja damu: maumivu makali ya ghafla ubavuni ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.