Spana Iache Mkononi mwa Mtoto

Siku niliyomnyang'anya binti yangu spana ilikuwa Jumamosi, baina ya alasiri na magharibi, chini ya mwembe wetu nje kidogo ya Wete, Pemba. Alikuwa amejiinamia juu ya injini ya Land Rover ya marehemu babu yake, anafungua nati za bomba la moshi. Nikaisikia spana inateleza mara ya kwanza, mara ya pili. Alishika spana ya 13, na nati ile inataka ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ule upenyo mdogo tu unatosha kuzila kona zote za nati yenye kutu.

Badala ya kumwambia hivyo, nilinyoosha mkono nikaitwaa. "Lete hapa, utaiharibu." Nikachukua ya nusu inchi, nikavuta kwa nguvu zangu zote, bolti ikakatika. Kikabaki kipande kimechomoza kidogo kama punje ya mchele.

Alikuwa na miaka 14. Hakusema kitu. Alinawa mikono kwa sabuni na majivu, akaingia ndani, na kwa wiki tatu hakukanyaga tena chini ya mwembe.

Namwandikia mzazi mwenye gari kuukuu uani na kijana ndani ya nyumba, anayefikiria kuwakutanisha. Kazi ya gari nilijifunza kwa mafundi. Hii nyingine, ya kumwachia mtoto kazi yake, nilijifunza katika zile wiki tatu, na ndiyo iliyonipa tabu zaidi.

Gari yenyewe ni ya 1965, Series IIA, injini ya petroli ya cc 2,286. Baba yangu aliinunua mnadani 1987, imeshatumikishwa sana, akaibebea magunia ya karafuu na mikungu ya ndizi kutoka Mtambwe mpaka Wete. Ilisimama 2003 na haikuondoka tena pale. Kila aliyepita akaniambia nina bahati, bodi haina kutu hata chembe. Ni kweli haina, kwa sababu si bati la chuma. Land Rover zilipoanza kutengenezwa 1948, Uingereza ilikuwa bado inagaiwa chuma kwa kipimo baada ya vita, kwa hiyo bodi wakazifanya kwa aluminiamu. Lakini chesisi ni chuma, na upepo wetu una chumvi mwaka mzima. Mwili ulikuwa mzima, mifupa ndiyo iliyooza. Hasa lile boriti la nyuma na vile vikono vinavyobeba bodi, ambako tope hukaa na maji hayatoki.

Basi kabla hujanunua gari ya aina hii, au hujamwahidi mtoto kwamba mtaifufua iliyopo, chukua nyundo ndogo uigonge chesisi yote hatua kwa hatua. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, kama unagonga boksi la karatasi. Na pale aluminiamu inapokutana na chuma, kwenye riveti na bolti, angalia unga mweupe. Metali mbili hizo zikigusana penye unyevunyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Sisi tulikata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli tukavitia baina yao baada ya kupaka rangi, na mpaka leo vimekaa.

Wiki ya tatu nilikwenda mlangoni kwake. Sikumpelekea zawadi wala sikumtuma mama yake. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekosea. Kazi ilikuwa yako, nami nimeikatiza, kisha bolti nimeikata mimi."

Akauliza, "Umeshaitoa?"

"Bado."

"Tukachomelee nati juu yake. Ule moto unalegeza kutu, kisha inafunguliwa kwa spana kama kawaida."

Kumbe wiki zote zile alikuwa akitafuta kwenye simu namna ya kuitoa bolti niliyoikata mimi. Tukamleta mchomeleaji, akachomelea nati, tukangoja ipoe kidogo, na binti yangu akaizungusha taratibu mpaka ikatoka nzima. Ile nati na bolti yake ameitundika kwenye msumari ukutani kwake.

Siku ile tuligawana gari. Yeye akachagua injini kuanzia kichwa kwenda juu, na waya zote. Mimi nikachukua chesisi, springi na breki. Makubaliano yalikuwa kwamba mimi katika sehemu yake ni msaidizi. Nikiona anakosea nauliza, siushiki mkono wake. "Umeipima?" "Imekaa vipi?" Mzazi mwenzangu, kumgawia mtoto ni rahisi. Kuiacha kweli ile sehemu ndiko kunakochoma, kwa sababu unaona kosa linakuja na mkono wako unawasha.

Nitakupa mfano wa valvu. Injini ile ina nane, na kila moja inatakiwa mwanya wa milimita 0.25 baina ya roka, kile kijimkono kinachoisukuma valvu, na ncha ya juu ya valvu yenyewe. Fundi mmoja mzee wa Wete, sote tunamwita Ami, alimfundisha binti yangu hesabu yake: "Mjukuu wangu, wewe shika tisa tu." Valvu ya kwanza ikishuka mpaka mwisho, unapima ya nane. Ikishuka ya pili, unapima ya saba. Ya tatu na ya sita, ya nne na ya tano, kisha unarudi kinyume chake. Kila mara jumla ni tisa. Niliuona uso wake ulivyofunguka, huyu mtoto ambaye hesabu za skuli zinamliza.

Tukachomoa plagi ili injini iwe nyepesi, mimi nikawa nazungusha kwa hendeli ya mbele, yeye kainama na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. "Baba, simama. Hiyo ya tatu imeshuka." Akaenda kwenye ya sita, akakaza skrubu kwa bisibisi mpaka kibamba kinapita kwa kukwaruza kidogo, akafunga nati. Akajaribu tena, kibamba hakipiti. Mimi nilishajua kwa nini: ukikaza nati bila kuizuia skrubu, skrubu nayo inazunguka na mwanya unafungika. Nikaweka mikono yangu nyuma. Akalegeza, akapima, akakaza, hakipiti. Mara ya tatu akatulia, akaangalia vidole vyake mwenyewe, kisha akaishika skrubu kwa bisibisi mkono wa kushoto na kukaza nati kwa mkono wa kulia. Kibamba kikapita. Akakipitisha tena, kisha tena, pengine mara kumi, bila ya kunitazama. Valvu ile moja ilichukua kama nusu saa. Tano zilizofuata zilimalizika kabla ya azana ya magharibi, na mbili akazilaza mpaka kesho yake kwa sababu, alivyosema, hazitaki haraka.

Ningalisema jibu mara ya kwanza, tungaliokoa dakika 20. Sijui ningezifanyia nini dakika hizo.

Hata hivyo nilianguka tena. Nilimnunulia redio iliyotumika, nikaifunga peke yangu alipokuwa chuo cha Kurani, nikitaka kumfurahisha. Nilipoiwasha ikatoa moshi. Gari nyingi za Kiingereza za miaka ile, na yetu imo, hufungwa upande wa chanya wa betri kwenye bodi. Redio za siku hizi zinataka hasi ndiyo iwe kwenye bodi. Aliporudi hakunikasirikia. Alileta daftari lake akanionyesha ukurasa alioandika kwa kalamu nyekundu, CHANYA KWENYE BODI, USISAHAU. Alishalijua hilo tangu wiki ya kwanza ya waya. Laiti ningemuuliza. Ikiwa gari yako ni ya kabla ya 1967 hivi, tazama kwanza waya gani umefungwa kwenye bodi, ndipo uunganishe chochote.

Yapo mambo ambayo spana nainyang'anya na siombi radhi. Haingii mtu chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake. Wala matofali ya bloku hayabebi gari. Yanakaa vizuri kisha yanapasuka kwa ghafla, bila ya kukuonya. Tunatumia stendi za chuma, na nyuma yake magogo mapana ya mti mgumu. Hendeli ya kuwashia mtu anaishika na dole gumba limelala upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha teke huvunja mkono. Vumbi la lainingi za zamani za breki halipulizwi. Linaweza kuwa na asbesto, linalowanishwa na kufutwa kwa kitambaa kinachotupwa. Petroli si ya kuoshea mikono. Na breki zenyewe, ingawa nilizifunga mimi, Ami alizikagua mwanzo mpaka mwisho kabla ya gari kutembea. Haya nilimweleza siku ya kwanza, ili siku nitakapopiga kelele ajue hakuvunjiwa heshima.

Wakati utaupanga kwa maisha yenu yalivyo. Sisi ni alasiri mbili kwa wiki na Jumamosi. Karafuu zikiiva gari inalala, kwa sababu kila mkono unatakiwa kwenye kuchambua na kuanika. Ramadhani tuliifanya kabureta baada ya tarawehe, juu ya sinia kuukuu, kila kijipande kimewekwa kwa mpangilio kama kilivyotoka na kimepigwa picha ya simu. Sinia ni chombo kizuri kuliko meza. Lina ukingo, vijiti vya shaba na vispringi havikimbii. Vipuri vingine tulivipata Unguja, vingine Dar es Salaam, vichache vikatoka Uingereza. Usiagize mpira wa breki wala wa klachi kwa picha. Mpe anayekwenda kile cha zamani mkononi, kifungwe kwenye mfuko, alinganishe dukani.

Mama yangu mwanzoni hakupenda. Mtoto wa kike, mafuta mpaka viwikoni, na Idi inakuja ya kutia hina. Sikubishana naye. Binti yangu ndiye aliyekwenda kumuuliza, "Bibi, hii gari babu alikuwa akiiwashaje asubuhi?" Bibi akatoka na kiti chake. Alisimulia jinsi mlango wa kushoto ulivyokuwa ukifungwa kwa kamba ya usumba, na jinsi alivyokwenda nayo Chake Chake kujifungua mtoto ambaye ni mimi hapa, usiku, taa moja tu inawaka. Hiyo ilikuwa gari nyingine, ya jirani, nikamkumbusha, kwani yetu ilinunuliwa mimi nimeshaanza skuli. Akasema taa moja ni taa moja. Tangu hapo kanga zake zilizochakaa zote zinakuja kwetu kufutia oili.

Injini iliwaka mwezi uliopita. Binti yangu alizipanga waya za plagi mwenyewe kwa zamu ya silinda kuwaka, 1-3-4-2, akazihakiki mara mbili, akasema "bismillahi" na kubonyeza. Ilikohoa, ikazima, ikawaka. Umri wa leseni haujamfikia, kwa hiyo njia ya shamba niliendesha mimi, yeye amekaa pembeni kichwa kimetoka dirishani, anaisikiliza.

Tukifunga breki gari inavuta kushoto. Hiyo ni sehemu yangu, nimeshaikaza na kuilegeza, bado inavuta. Jana usiku ameniuliza kama Jumamosi tunaweza kulifungua gurudumu la mbele la kulia, kwa sababu yeye anaona ubovu uko kule gari isikovuta. Nimemwekea spana za inchi kwenye sinia.