Mwanachama wa jana bado yumo jedwalini

SWALI: Shikamoo dada. Ninaandika programu ya mikopo ya Saccos kwa Python, data ziko kwenye PostgreSQL. Kila jaribio linasajili mwanachama mwenye namba ya simu ileile na kumpa mkopo, kisha tearDown, ile hatua ya usafi baada ya jaribio, inafuta. Jana yalipita yote. Leo yanagoma, eti namba imeshasajiliwa. Nikifuta kwa mkono yanapita tena. Nakosea wapi?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Itazame setUp yako, ile hatua ya maandalizi kabla ya jaribio. Mwanachama akishaingia na ukakomiti, yaani ukamhifadhi moja kwa moja, halafu mkopo ukagoma, setUp imekufa njiani, na hapo Python haiiti tearDown kabisa. Mwanachama anabaki jedwalini na simu yake, anakungoja kesho. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, ni yaleyale.

Kwa hiyo usikomiti. Psycopg, maktaba inayounganisha Python na PostgreSQL, hufungua muamala (kifungu cha amri zinazohifadhiwa au kufutwa kwa pamoja) yenyewe ukituma amri ya kwanza. Ukishafungua muunganisho ndani ya setUp, mstari unaofuata uwe self.addCleanup(muunganisho.close), na chini yake self.addCleanup(muunganisho.rollback). Huitwa kuanzia ya mwisho: data zinarudishwa zilivyokuwa, ndipo muunganisho unafungwa, hata setUp ikikwama. Umeme ukikatika, PostgreSQL yenyewe hutupa muamala usiokamilika. Hakikisha tu programu inayojaribiwa inatumia muunganisho huohuo.

Namba za mfululizo, zile PostgreSQL inazozitoa yenyewe kwa kila mkopo mpya, hazirudi nyuma, lakini. Mkopo wa kwanza leo ni 1, kesho huenda ukawa 7, basi usidai popote kwamba lazima uwe 1.

Kama programu inakomiti yenyewe, piga TRUNCATE wanachama RESTART IDENTITY CASCADE, amri inayofuta data zote za jedwali na kuanza namba upya. Ipige mwanzoni mwa jaribio. Likianguka, data zake unazikuta pale uzichunguze. Ila hiyo CASCADE inafagia pia mikopo, marejesho na kila jedwali linalomtegemea mwanachama. Hapa nakusihi sana. Niliwahi kuipiga kwenye kanzidata ambayo wenzangu waliiandaa wiki nzima ili wamwonyeshe mteja, kwa sababu terminali yangu ilikuwa bado imeshika jina la kanzidata hiyo tangu asubuhi. Tuliingiza wanachama upya, mmoja mmoja, mpaka usiku.

Tangu hapo majaribio yangu yana mtumiaji wake wa PostgreSQL, asiye na ruhusa yoyote nje ya kanzidata ya majaribio. Na jina la kanzidata likikosa neno "jaribio", hayaanzi. Mtengeneze wako leo, kabla hujaigusa TRUNCATE.