Viungo kando ya mboga: maswali yenu

Nimepanda mrehani katikati ya nyanya. Umedumaa, na nyanya zimeshikwa na ukungu. Nimekosea wapi?

Umebananisha. Nyanya zikirefuka huufunika mrehani, nao unataka jua kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Uhamishie ukingoni mwa tuta, sentimita 30 kutoka shina la nyanya, na nyanya zenyewe ziachane sentimita 60. Majani yakigusana, umande hauwahi kukauka, na hapo ndipo ukungu huanzia. Mrehani ukifika sentimita 20, kata ncha juu kidogo ya jozi ya majani, utachipua matawi mawili. Harufu yake huwavuruga nzi weupe, lakini haiwamalizi.

Giligilani imetoa maua mapema. Niing'oe?

Tafadhali iache! Kwa bustani, maua hayo yana faida kuliko majani. Nekta yake iko juujuu, kwa hiyo wadudu wenye midomo mifupi huifikia: nzi wa maua, wenye mistari kama ya nyuki, na nyigu wadogo mno wasiodhuru watu. Nyigu hao hutaga yai ndani ya kidukari, yule mdudu mdogo laini anayefyonza utomvu wa mimea. Geuza jani la kabichi uangalie. Ukiona kidukari aliyevimba, mkavu, rangi ya kahawia, mwenye tundu la duara mgongoni, basi nyigu mchanga ameshatokea humo. Na yule funza asiye na miguu anayejivuta katikati ya vidukari ni mtoto wa nzi wa maua, anawala, usimponde. Ukipuliza dawa ya wadudu wakati huu unawaua walinzi pia, na vidukari ndio hurudi haraka zaidi.

Kwa majani ya kula, panda mbegu nyingine kila baada ya wiki tatu.

Mnanaa umevamia tuta zima la spinachi. Nang'oa, unarudi.

Unarudi kwa sababu mashina yake hutambaa chini ya udongo, na kipande chochote chenye kifundo huchipua upya. Usikate kwa jembe, utauzidisha. Lowesha udongo, legeza kwa uma wa bustani, kisha fuata kila shina kwa mkono hadi mwisho. Baadaye uoteshe kwenye ndoo iliyotobolewa chini, iliyowekwa juu ya matofali. Ukiuweka ardhini, utatorokea kwenye matundu.

Rozimari na letusi zinakaa pamoja?

Hapana. Letusi inataka udongo wenye unyevu muda wote, na kwa maji hayo mizizi ya rozimari huoza. Ipe chungu chake.