Maswali ya Wasomaji: Posta, Ovataimu na Ruhusa Wakati wa Korona

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu wanaofanya kazi posta huku Marekani, wengine wanasambaza barua, wengine wako kwenye mashine usiku kucha, wengine makarani wa dirishani. Nimechukua tatu. Mimi mwenyewe nasambaza barua na ni stuadi wa yunioni kituoni kwetu, yaani mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, haya mambo nakutana nayo kila wiki. Majibu haya ni ya Novemba 2020, kwa hiyo masharti nitakayoyataja ni ya wakati huo, na ile sheria ya ruhusa ya korona iliisha 31 Desemba 2020.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni CCA (City Carrier Assistant), msambaza barua msaidizi, yaani sijawa wa kudumu bado, nina miezi saba. Watu wakiwekwa karantini ruti zao, yaani njia zao za kusambaza barua, tunagawana sisi wachanga, natoka nyumbani giza narudi giza, kila siku nafanya masaa kumi au kumi na moja na siku ya mapumziko naitwa. Supavaiza akiniambia ongeza masaa mawili kwenye ruti ya fulani naogopa hata kusema nimechoka maana nataka kuwa regular, mfanyakazi wa kudumu. Masaa yana mwisho kweli? Na nikikataa nafukuzwa? – Mchovu, Columbus

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwanza ujue wewe si mvivu. Watu wamejifungia ndani wanaagiza kila kitu kwenye intaneti, mwaka wa fedha ulioisha Septemba 2020 posta imebeba vifurushi kama bilioni 7.3, yaani zaidi ya bilioni moja juu ya mwaka wa kabla yake. Barua za kawaida zimepungua, sawa, lakini barua mashine inakupangia, lile boksi la chakula cha mbwa la paundi 40 hakuna mashine ya kulipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu, ni mgongo wako.

Mwisho upo. CCA hapangiwi zaidi ya saa 11 na nusu za kazi kwa siku, ukiweka nusu saa ya kula zinakuwa 12. Ile ya saa 60 kwa wiki unayoisikia wakubwa wakiitaja ni ya regular wa full-time, wewe haikulindi, na kila nikimwambia CCA jambo hili naumia kwa sababu nyie ndio mnaobebeshwa zaidi. Pesa iko hivi: ukipita saa 8 kwa siku au 40 kwa wiki unalipwa mara moja na nusu, ukipita 10 kwa siku au 56 kwa wiki unalipwa mara mbili, ila zile wiki nne za Desemba hiyo mara mbili haipo. Kaa na stabu yako, ile karatasi ya mchanganuo wa mshahara, uhesabu, usimwachie mtu.

Kuhusu kukataa, usikatae. Ukiambiwa nenda, nenda, halafu malalamiko yaje kwa karatasi kupitia stuadi. Nimeona vijana wazuri wakiingia matatani kwa sababu walijibizana kwenye ukumbi wa kazi mbele ya watu wakati haki ilikuwa yao. Asubuhi ukiuona mzigo ukajua saa 8 hazitoshi, omba fomu 3996, andika masaa unayohitaji na sababu zake, vifurushi vingapi, umepewa kipande cha ruti ya nani, halafu omba kopi. Bila hiyo fomu ukirudi saa mbili usiku itaonekana umezembea njiani.

Kitu kimoja tu hakina mjadala, nacho ni usingizi kwenye usukani. Macho yakianza kufunga simamisha gari mahali salama, piga simu kituoni, sema wazi kwamba huwezi kuendesha kwa usalama. Hapo hujakataa kazi, umetoa taarifa ya hatari, na ukifika andika saa uliyopiga na nani alipokea.

SWALI: Salamu kaka. Mimi ni karani, regular, mwaka wa tatu sasa. Watoto wangu wawili wanaenda shule siku mbili, siku tatu shule inafungwa kwao wanasoma kwenye kompyuta, na baba yao ni dereva wa malori ya mbali, anaweza kukaa wiki nzima barabarani. Nikiomba ruhusa naambiwa hakuna watu. Nilisikia kuna sheria ya korona ya ruhusa ila wenzangu wanasema imeshaisha. – Mama Wawili, Minneapolis

JIBU: Dada yangu, haijaisha, inaisha tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo hii ifanyie kazi wiki hii hii. Ni ile sheria iliyosainiwa 18 Machi 2020, inaitwa FFCRA (Families First Coronavirus Response Act), na sisi wa posta tumo. Inakupa saa 80 za ruhusa yenye malipo, na kwa mzazi ambaye shule ya mtoto imefungwa kwa ajili ya korona inaongeza wiki nyingine 10 baada ya hizo, mradi umeshafanya kazi siku 30, na wewe umeshazipita zamani. Kwa sababu ya mtoto unalipwa theluthi mbili ya mshahara, isizidi dola 200 kwa siku. Najua theluthi iliyobaki ndiyo kodi ya nyumba, piga hesabu kwanza, lakini hawawezi kukulazimisha umalize likizo yako mwenyewe kabla ya kugusa hii.

Hizo siku tatu za kompyuta zinahesabika, kila siku ambayo shule imemfungia mtoto mlango ni sababu kamili yenyewe. Ingekuwa shule iko wazi siku zote na wewe ndiye uliyechagua wasome nyumbani, hapo usingepata. Jaza fomu 3971, ile ya kuomba ruhusa, taja FFCRA kwa jina, weka majina ya watoto, jina la shule, na uandike kwamba hakuna mtu mwingine wa kuwaangalia. Ambatanisha ratiba ya shule. Hiyo "hakuna watu" inaweza kutumika kukunyima likizo ya kwenda kutembea, ila kwa ruhusa hii haimo kwenye sheria kama sababu ya kukunyima. Wakikukatalia waambie waandike sababu kwenye fomu hiyo hiyo na wasaini.

SWALI: Jambo ndugu. Natoka Bukavu, niko Kentucky, nasambaza barua. Nilipimwa nikakutwa na korona, nikakaa nyumbani siku 14. Nimerudi, wenzangu wawili hawanisalimii, wanasema niliwaachia ruti wakafanya mpaka usiku. Niwaombe msamaha?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Ungekuja unakohoa ungelaza nusu ya kituo na ruti zingebaki tano badala ya moja. Wasalimie wewe kwanza, waulize walimalizaje siku zile, wasikilize, wamechoka na hasira zimekosa pa kwenda. Lakini msamaha wa kuugua usiombe. Ruti yako kukosa mtu wa kuishika ni swali la wanaopanga watu na wanaoajiri, na hilo wenzako walipeleke kwa stuadi pamoja na masaa yao waliyozidishiwa.

Na kabla sijasahau, zile siku ulizougua wewe mwenyewe malipo yake ni mshahara kamili mpaka dola 511 kwa siku, siyo theluthi mbili, na zinatoka kwenye saa 80 za sheria hiyo hiyo niliyomwelezea dada wa Minneapolis. Fungua stabu uangalie zimeandikwaje. Ukikuta zimekatwa kwenye likizo yako, mwone stuadi kabla siku 14 hazijapita tangu ulipogundua, maana zikipita hata kesi nzuri inakufa.