Maswali yenu: Tex-Mex ya Dallas, taco za Los Angeles na mafuta ya nguruwe kwenye maharage

Mwezi uliopita niligusia kidogo migahawa ya kawaida ya Kimeksiko, ile ambayo mtu anaingia na jinzi yake, anakula, analipa na kuondoka. Barua zimemiminika, nyingi kutoka kwa ndugu zetu walioko Marekani. Nimechagua zile zenye mambo yanayowasumbua wengi.

"Dada, shikamoo. Nimehamia Dallas kutoka Arusha. Wenzangu kazini, mmoja wao Mmeksiko, wananiambia Tex-Mex si chakula cha Kimeksiko hata kidogo, ni kitu cha kuwafurahisha Wazungu. Je, niachane nayo?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiachane nayo. Huenda mwenzako anatoka Oaxaca au Puebla, na ni kweli huko kwao hutaletewa sahani ya namna hiyo. Lakini Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi 1836, na ilipojitenga, familia nyingi za Kimeksiko zilibaki pale pale zilipokuwa. Zikapika kwa kile kilichopatikana: nyama ya ng'ombe, maana hiyo ni nchi ya mifugo, unga wa ngano, baadaye jibini ya njano ya dukani, na bizari nyembamba kwa wingi. Tex-Mex ni chakula cha Wameksiko wa Texas, wenye historia yao na majiko yao. Kukiita cha bandia ni kuwaonea.

Mjini San Antonio, tangu karne ya 19, akina mama walikuwa wakiuza chili con carne usiku katika viwanja vya mji, nyama iliyotokoswa kwa pilipili kavu, wateja wamekaa kwenye meza ndefu chini ya taa za mafuta. Biashara ile ilidumu hadi miaka ya 1930, wakuu wa afya wa mji walipoifunga. Hapo Dallas ulipo, mgahawa wa El Fenix umekuwepo tangu 1918. Kule Houston, mjane mmoja, Ninfa Laurenzo, alifungua mgahawa mdogo mwaka 1973 kwenye kiwanda chake cha tortilla (chapati nyembamba za mahindi au ngano), barabara ya Navigation, akauza nyama ya ng'ombe iliyochomwa na kufungwa ndani ya tortilla ya ngano. Umaarufu wa nyama hiyo, inayoitwa fajita, unaouona leo unadaiwa sana na jiko lile.

Ukienda, agiza enchilada za jibini, yaani tortilla zilizojazwa jibini na kuviringishwa, zilizomwagiwa mchuzi wa pilipili wa rangi ya kahawia. Nakuambia namna ya kuutambua mgahawa mzuri. Sahani inakuja moto wa kuunguza, mhudumu ameishika kwa kitambaa na anakuonya usiiguse. Jibini bado inachemka katikati, na pembeni mchuzi umeshika kwenye sahani ukawa mzito na mweusi kidogo. Inama uinuse. Kama umekulia nyumba inayopika pilau, harufu ile ya bizari utaijua kabla hujaonja. Mchuzi ukiwa mtamu kama tomato sosi, kula umalize, ila wiki ijayo jaribu mlango wa pili.

"Assalaam alaykum dada. Mimi ni wa Mombasa, naishi Houston. Watoto wanapenda sana chakula cha Kimeksiko. Najua kuepuka nguruwe, naagiza maharage, wali na kuku. Juzi jirani akaniambia hata maharage yana nguruwe. Ni kweli?"

Wa alaykum salaam. Jirani amesema kweli, na swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu watu wengi wanakula bila kujua.

Yale maharage yaliyopondwa, yanayoitwa frijoles refritos, kwa asili hukaangwa kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Migahawa mingi siku hizi hutumia mafuta ya mimea, lakini mingi mingine haijaacha, na hasa ile inayojivunia mapishi ya bibi. Kwa hiyo usikisie. Muulize mhudumu maneno matatu ya Kihispania: "¿Lleva manteca, señor?" Ukisikia "sí", achana nayo. Usiulize kama chakula kina "nguruwe", kwa sababu wengi hufikiria nyama peke yake na watakujibu hapana kwa moyo safi kabisa.

Si refritos tu. Charros ni maharage ya mchuzi yenye vipande vya bekoni. Borrachos yamepikwa kwa bia. Tortilla za ngano mara nyingi zina manteca kwenye unga. Zile za mahindi kwa kawaida ni mahindi, maji na chokaa tu, kwa hiyo hizo ndizo kimbilio lako. Tamale, donge la mahindi linalofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, karibu zote za kienyeji zina manteca kwenye donge lake. Hata samaki! Taco ni tortilla ndogo iliyokunjwa na kutiwa chakula ndani; zile za samaki za mtindo wa Baja, Meksiko, zenye samaki wa kukaanga, unga wake mara nyingi umekorogwa kwa bia. Omba samaki wa kuchoma. Na mchuzi wa enchilada niliomsifia mdogo wangu hapo juu unaweza kuanzia kwenye manteca pia, kwa hiyo nao uulizie.

Majina ya nyama ya kukwepa: carnitas, al pastor, chorizo, chicharrón, cochinita pibil. Zote ni nguruwe, isipokuwa chorizo ambayo mara chache hutengenezwa kwa ng'ombe au kuku. Barbacoa katika Texas kwa kawaida ni nyama ya kichwa cha ng'ombe, na lengua ni ulimi. Birria, nyama ya kutokoswa kwa pilipili, ni ya mbuzi au ng'ombe.

Hapo tumezungumzia nguruwe na pombe tu. Suala la kuchinja ni jingine, na kuku wa mgahawa wa kawaida hakuchinjwa kwa masharti yetu. Kila familia ina msimamo wake. Wewe uko Houston, mji wenye Waislamu wengi, na zipo taqueria, yaani migahawa ya taco, zinazouza nyama halali. Ulizia msikitini, akina mama wanazijua. Watoto wakitaka kitu cha kumalizia, flan haina shida: maziwa, mayai na sukari iliyounguzwa.

"Sista, mambo? Mimi na marafiki tunatoka Nairobi kwenda Los Angeles, halafu Chicago. Pesa ni kidogo. Tutakula wapi taco poa?"

Poa. Pesa kidogo haiwazuii kula vizuri Los Angeles, kwa sababu taco nzuri sana za mji ule zinauzwa barabarani. Nendeni usiku. Tafuteni lori au kibanda chenye mlingoti wa nyama unaozunguka mbele ya moto, wenyewe wanauita trompo. Hiyo ndiyo al pastor. Nyama imepakwa pilipili nyekundu na achiote (mbegu za kutia rangi nyekundu), juu kabisa limekaa nanasi. Simameni karibu mtazame: mpishi anashusha kisu, vipande vyembamba vyenye kingo zilizoungua vinadondokea kwenye tortilla aliyoishika mkono wa pili, kisha anapiga nanasi kwa ncha ya kisu, kipande kinaruka na kutua juu ya taco. Vitunguu, kotmiri (dania mnavyoiita), basi.

Mkiona inafanana na shawarma, hamjakosea. Walebanoni waliohamia Meksiko walileta uchomaji ule, na Puebla kukazaliwa taco za Kiarabu miaka ya 1930. Wameksiko wakatia pilipili zao na kuweka nguruwe mahali pa kondoo.

Agizeni mbili mbili, si sita kwa mpigo, kwa sababu taco ikipoa imekufa. Salsa (sosi ya pilipili), ndimu na figili mara nyingi zimewekwa pembeni na ni bure. Onjeni salsa kwa ncha ya kidole kwanza. Kama ni ya rangi ya chungwa, yaweza kuwa na habanero, pilipili ya ukoo mmoja na pilipili mbuzi, na mnaijua kazi yake. Kwa kinywaji, chukueni maji ya ukwaju au ya choya. Vyote wanavyo, vinaitwa tamarindo na jamaica.

Chicago msibaki katikati ya mji. Chukueni treni ya Pink Line mpaka Pilsen, mtaa wa 18, mle carnitas, nyama ya nguruwe iliyopikwa polepole kwa mafuta yake. Zinauzwa kwa uzito, mnachagua vipande vya mafuta au vya nyama tupu, mnapewa tortilla za moto na mnajifungia wenyewe. Sahani moja inawashibisha watatu. Mkipata siku ya pili, mtaa wa 26 huko Little Village una maduka ya birria ya mbuzi yenye mchuzi wa kunywa kwa bakuli. Kwa Mkenya anayependa mbuzi, mimi ningeanzia huko.

"Mama, jambo. Niko dereva wa lori, natoka Bukavu, napita I-40 kila mara. Albuquerque wananiuliza kila siku: nyekundu ao kijani? Mimi nasema tu ndiyo."

Jambo, kaka, na pole na safari. Wanakuuliza sosi ya pilipili. New Mexico ina mapishi yake, si Texas wala California, na pilipili yao ndiyo chakula chenyewe. Ni zao lile lile: ya kijani huchumwa changa na kuchomwa motoni, nyekundu huachwa iive na kukaushwa. Swali hilo wanalipenda kiasi kwamba mwaka 1996 bunge la jimbo lililifanya kuwa swali rasmi la jimbo. Ukitaka zote mbili, sema "Christmas", watakuelewa mara moja.

Kwa dereva, agiza burrito ya asubuhi, tortilla kubwa ya ngano iliyoviringishwa, yenye mayai, viazi na pilipili ya kijani, iliyofungwa kwenye karatasi ya foili. Inakaa na joto mpaka mbali. Ukipata nafasi ya kukaa mezani, omba sopaipilla: ngano ya kukaanga iliyovimba ikawa wazi ndani kama andazi la hewa, unatoboa pembe moja na kumimina asali. Mwezi wa nane na wa tisa ni msimu wa kuchoma pilipili, na utaisikia harufu hata kwenye maegesho ya maduka makubwa.

"Dada, huku Lyon kila kona wanauza tacos, lakini ndani naona chipsi na sosi ya jibini. Hii ni ya Meksiko kweli?"

Hapana. Hiyo ni ya Ufaransa, ilianza maeneo ya Lyon na Grenoble, na imeazima jina tu. Tortilla kubwa ya ngano, nyama, chipsi, sosi ya jibini, inakunjwa pembe nne na kubanwa kwenye chuma cha moto. Inashibisha sana na maduka mengi yanatumia nyama halali. Ile uile kwa jina lake, usiitumie kuipima Meksiko.

"Shikamoo dada. Niko Dar. Nimejaribu tortilla kwa sembe, zinapasuka zote. Nakosea wapi?"

Marahaba mwanangu. Mikono yako haina kosa, ni unga. Mahindi ya tortilla huchemshwa kwanza kwa maji yenye chokaa, yanalazwa usiku kucha, yanaoshwa, ndipo yanasagwa. Chokaa inalegeza ganda na kubadilisha mahindi mpaka donge linashikana. Pia inafungua vitamini ya niasini iliyofungika ndani ya punje, na hapo nawavulia kofia watu wa kale wa Meksiko, ambao ndio waliotupatia mahindi yenyewe. Wazungu walichukua zao wakaacha utaalamu, na maskini wa kaskazini mwa Italia waliokula mahindi matupu wakaugua pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, vizazi na vizazi.

Sembe haijapita hatua hiyo, ndiyo maana inapasuka hata ukiikanda mpaka jioni. Tafuta unga wa masa, yaani wa mahindi yaliyokwisha kupita kwenye chokaa, kwenye maduka makubwa yenye bidhaa za nje. Au fanya mwenyewe: kilo moja ya mahindi makavu, gramu 10 za chokaa ya chakula. Ya kupaka ukuta usiiguse. Ukishindwa vyote, pika za ngano: unga, chumvi, mafuta kidogo, maji ya moto, usukume nyembamba bila kukunja tabaka kama unavyofanya kwenye chapati, uchome kwenye kikaango kikavu. Kaskazini mwa Meksiko, Sonora hasa, wanakula hizo kila siku.

"Dada, tuko sita nyumbani, San Antonio. Chipsi za mahindi zinaletwa tu mezani bila kuagiza. Tunalipia? Na tipu ni kiasi gani?"

Katika Texas chipsi na salsa za mwanzo kwa kawaida ni bure, na zikiisha wanaongeza. Miji mingine, hasa nje ya Texas, huenda wakakutoza, basi tazama menyu kabla watoto hawajaanza kutafuna. Jibini ya kuchovya, queso, inalipiwa kila mahali. Sahani za mchanganyiko ni kubwa. Kwa watu sita agizeni nne, muongeze tortilla.

Tipu mkihudumiwa mezani ni asilimia 18 hadi 20. Kwenye kaunta au lori, dola moja au mbili zinatosha. Na kwa kuwa mko sita, soma risiti vizuri kabla ya kuandika chochote, kwa sababu migahawa mingi huongeza tipu yenyewe kwa meza kubwa.